Vitabu vya Kujifunzia Sinthesaiza ya Moduli: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Bagamoyo

Ukurasa huu umekusanywa kutokana na maswali ambayo sisi wachache tunaotengeneza sauti kwa umeme hapa Bagamoyo huulizwa na wanafunzi wa muziki, wapiga vinanda wa bendi, mafundi redio, na majirani wanaotaka kujua waya zote hizi ni za nini. Majibu yameandikwa na mtu mmoja, kwa hiyo yana upendeleo wake, na pale upendeleo unapoingia nimejitahidi kuusema wazi. Maswali yana namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine bila kurudia maelezo.

## Mambo ya mwanzo

1. Sinthesaiza ya moduli ni nini, na inatofautianaje na kinanda cha bendi?

Kinanda kinachobebwa kwenye harusi na kwenye taarabu hutoka kiwandani kikiwa na sauti zilizokwisha kupangwa: unabonyeza kitufe, unapata fidla au filimbi. Sinthesaiza ya moduli haina sauti iliyopangwa. Ni mkusanyiko wa vipande vilivyofungwa kwenye fremu moja, kila kipande kikiwa na kazi yake: osileta huzalisha wimbi, kichujio hukata sehemu za wimbi hilo, amplifaya huamua ukubwa wa sauti, na envelopu huamua sauti izaliwe, idumu na ife kwa mwendo gani. Hakuna kinacholia mpaka wewe mwenyewe uviunganishe kwa waya fupi.

Ufunguo wa chombo chote ni volti. Katika mfumo wa analogi sauti yenyewe ni volti inayopanda na kushuka, na amri ya kuipandisha sauti, kuififisha au kuifungua nayo ni volti, kiasi kwamba kitu kinachotoka kwenye moduli moja kinaweza kutumika kama sauti au kama amri, kutegemea umekichomeka wapi. Robert Moog, aliyekuwa jimbo la New York, na Don Buchla, aliyekuwa California, walilifikia wazo hili katikati ya miaka ya 1960, kila mmoja kwa njia yake, na vitabu vyote vinavyotajwa hapa chini ni ufafanuzi wa wazo hilo moja.

2. Kwa nini nisome kitabu wakati video za kujifunzia zimejaa?

Video humwonyesha mtu akizungusha kitufe na sauti ikibadilika, lakini mara nyingi haisemi kwa nini imebadilika, na ukiwa na chombo tofauti na chake, ulichokiona hakikusaidii. Kitabu kizuri hueleza kanuni kabla ya kitufe. Lipo pia suala la bando, ambalo msomaji wa Bagamoyo halihitaji kuelezwa: saa moja ya video hula kiasi ambacho kingekutosha kupakua maandishi ya kusoma mwaka mzima.

Hata hivyo, kuna kitu kimoja ambacho kitabu hakiwezi kukupa, nacho ni sauti. Anayesoma juu ya kichujio bila kukisikia ni kama anayesoma juu ya pilau. Tazama swali la 10 na la 11.

3. Vipo vitabu vya somo hili kwa Kiswahili?

Vitabu tunavyotumia sisi vyote ni vya Kiingereza. Msomaji asivunjike moyo kwa hilo, kwa sababu lugha ya somo hili ni finyu: ukishayazoea maneno kama arobaini, sentensi nyingi zinasomeka. Weka daftari la maneno tangu siku ya kwanza, na kwa kila neno andika maana yake kwa maneno yako mwenyewe pamoja na mchoro mdogo. Mafundi redio wamekuwa wakisema kapasita, rizista na transista kwa miaka mingi bila kuona haya, na hakuna sababu ya mwanamuziki kuona haya kusema osileta na envelopu.

4. Je, ni lazima nijue hesabu, umeme au kusoma nota?

Nota si lazima. Umeme ni lazima ikiwa unataka kujenga. Ukitaka kupiga tu, inatosha kujua kwamba mdomo wa kutolea huunganishwa na mdomo wa kupokelea, na kwamba volti ina upande chanya na upande hasi.

Hesabu inayohitajika ni moja, nayo inastahili kueleweka vizuri kabla hujafungua kitabu chochote. Katika mfumo uliozoeleka zaidi, volti moja ni sawa na oktavu moja. Osileta inayolia kwa hezi 110 (yaani mitikisiko 110 kwa sekunde) ikiongezewa volti moja hulia kwa 220. Ikiongezewa nyingine hulia kwa 440, kisha 880. Kila volti inaongeza mara mbili, haijumlishi kiasi kile kile. Mtu akiielewa sentensi hiyo, sura ngumu za vitabu hivi zinakuwa nusu ya ugumu wake.

## Kuchagua kitabu

5. Nianze na kitabu kipi?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na jibu langu la kwanza huwa ni swali: unataka kupiga, kuelewa, au kujenga? Watu hununua kitabu cha kujenga wakati walitaka kupiga, wakakwama kwenye ukurasa wa kumi na mbili katikati ya rizista, wakaamua kwamba somo lote haliwafai. Nimewaona zaidi ya mmoja.

Anayetaka kupiga, na ana uwezo wa kununua kitabu kipya, achukue Patch & Tweak cha Kim Bjørn na Chris Meyer, kilichotoka mwaka 2018. Ni kitabu kikubwa chenye picha nyingi za rangi na mahojiano na wanamuziki, na kinaipitia kila aina ya moduli kwa mpangilio unaoeleweka. Udhaifu wake ni bei, pamoja na ukweli kwamba kimeegemea moduli za muundo wa Eurorack, ule ulioanzishwa na Dieter Doepfer wa Ujerumani katikati ya miaka ya 1990. Kwa kuwa ndio muundo ulioenea zaidi leo, udhaifu huo si mkubwa.

Anayetaka kuelewa, na hana fedha, asinunue chochote kwanza. Asome mfululizo wa Gordon Reid uitwao Synth Secrets, uliochapwa katika jarida la Sound on Sound la Uingereza kuanzia mwaka 1999 hadi 2004 kwa sehemu 63, na ambao jarida hilo limeuweka wazi kusomwa bure. Huu ndio upendeleo wangu mkubwa, na sioni haya kuusema. Reid haanzi na chombo. Anaanza na mambo ya asili, yaani uzi unaotikisika, hewa ndani ya bomba na ngozi iliyowambwa, kisha anauliza ni moduli zipi zinaweza kuiga tabia hiyo. Sehemu zake juu ya ngoma zinaeleza jambo ambalo kila mpiga ngoma wa hapa analijua kwa mkono bila kulijua kwa hesabu: ngozi ya duara haitoi milio iliyo mara mbili, mara tatu na mara nne ya mlio wa msingi kama uzi unavyofanya, bali hutoa milio iliyo takriban mara 1.59, mara 2.14 na mara 2.30 ya ule wa chini kabisa. Ndiyo maana osileta moja peke yake haiwezi kuwa ngoma, hata uichuje namna gani.

Anayetaka kujenga aende moja kwa moja swali la 8.

6. Wengi wanamsifu Allen Strange, lakini kitabu chake ni cha mwaka 1972. Hakijapitwa na wakati?

Hapana, na sababu ni rahisi: umeme haujabadilika. Electronic Music: Systems, Techniques, and Controls kilitoka mwaka 1972, kikaandikwa upya na kupanuliwa mwaka 1983, na baada ya kuadimika kwa miaka mingi kikachapwa tena mwaka 2022. Ukiweza kuchagua, chukua toleo la pili; ni pana zaidi kwa mbali.

Uzuri wa Strange ni kwamba hakuandikia chombo cha kampuni moja. Wakati wake kila mtengenezaji alikuwa na utaratibu wake, kwa hiyo alilazimika kueleza kazi ya kila moduli kwa namna ambayo mwenye Moog, mwenye Buchla na mwenye ARP wote wangeelewa, na kwa sababu hiyo hiyo mwenye chombo kilichotengenezwa mwaka jana anaelewa pia. Kilichopitwa na wakati ni sura zinazohusu kanda za kurekodia na baadhi ya picha za mitambo. Zisome kama historia au ziruke.

Onyo moja: si kitabu cha kulala nacho kitandani. Aya zake ni nzito, na mwandishi hudhani kwamba unayo mitambo mbele yako. Mimi nilikishindwa mara ya kwanza, nikarudi kwake baada ya kumaliza karibu theluthi ya Reid, na hapo ndipo kilipofunguka.

7. Vipo vitabu vya bure ambavyo ni halali?

Vipo, na baadhi ni bora kuliko vya kulipia. Mbali na mfululizo uliotajwa katika swali la 5, Miller Puckette, aliyeunda Pure Data, programu ya kutengenezea sauti kwa kompyuta, aliandika The Theory and Technique of Electronic Music, kilichotoka mwaka 2007, na maandishi yake yote ameyaweka kwenye tovuti yake bila malipo. Kinahitaji hesabu zaidi ya vingine, lakini kila mfano uliomo una faili lake linaloweza kufunguliwa na kusikilizwa.

Aina nyingine ya kitabu cha bure inayosahaulika ni mwongozo wa mtumiaji. Kampuni nyingi za moduli huiweka miongozo yao wazi, na ya Doepfer kwa mfumo wake wa A-100 ina michoro na mifano inayomfaa hata asiyemiliki kipande kimoja cha mfumo huo. Miongozo ya zamani ilikuwa mizuri zaidi, kwa sababu mnunuzi wa miaka ya 1970 alikuwa hajawahi kuona chombo cha namna hiyo. Ule wa ARP 2600, ulioandikwa mwaka 1971, ni somo kamili la sauti kwa mtu anayeanza sifuri.

8. Nataka kujenga moduli zangu mwenyewe. Nisome nini?

Kama hujawahi kushika lehemu, anza na Handmade Electronic Music cha Nicolas Collins. Toleo la kwanza ni la mwaka 2006 na la tatu ni la 2020. Collins hakufundishi moduli moja kwa moja, anakufundisha kutoogopa. Moja ya kazi zake za mwanzo hutumia saketi ndogo ya bei nafuu ambayo ndani yake mna vipande sita vinavyofanana, na kila kipande, kikiongezewa rizista moja na kapasita moja, kinakuwa osileta. Zote zinaendeshwa kwa betri ya volti 9, jambo lenye faida mbili hapa kwetu: huhitaji kugusa umeme wa ukutani, na kukatika kwa umeme hakukukatizi kazi.

Baada yake fuata Make: Analog Synthesizers cha Ray Wilson cha mwaka 2013. Wilson alikuwa mwalimu mwenye subira, na kitabu chake kinakupeleka hatua kwa hatua hadi unamaliza chombo kidogo kinacholia, nacho pia kikitumia betri ya volti 9. Fundi redio aliyezoea kusoma saketi anaweza kumruka Collins na kuanzia hapa.

Kwa anayetaka kwenda mbali, Musical Applications of Microprocessors cha Hal Chamberlin kina jina linalopotosha. Kilitoka mwaka 1980, toleo la pili likafuata mwaka 1985, na ingawa jina linazungumzia kompyuta, sehemu kubwa yake inaeleza saketi zinazoongozwa na volti kwa uwazi ambao sijauona kwingine. Ni kinene, na hakuna anayekisoma mwanzo hadi mwisho. Kisome kama kamusi. Kabla ya kuwasha chochote ulichojenga kutoka katika kitabu cha Marekani, soma swali la 17.

9. Nitakitambuaje kitabu kibaya kabla sijatoa fedha?

Fungua ukurasa wowote unaohusu kichujio. Kama kuna picha ya kifaa na sifa zake lakini hakuna mchoro unaoonyesha sauti inaingia wapi, inatoka wapi, na volti ya kuongoza inaingilia wapi, hicho ni katalogi kilichovishwa jalada la kitabu. Angalia pia kama kina mazoezi, na kama kina faharasa mwishoni; kitabu cha somo hili kisicho na faharasa hakitakusaidia siku utakapokwama.

Jihadhari pia na nakala za vitabu vya zamani vinavyochapwa kwa kuagizwa. Niliwahi kununua moja kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni, nikasubiri wiki saba, na kilipofika nikakuta michoro yote imekuwa weusi mtupu kwa sababu ilikuwa fotokopi ya fotokopi. Maandishi yalisomeka, lakini katika somo hili maandishi bila michoro ni nusu ya kitabu.

## Kusoma bila chombo, na kusoma ukiwa nacho

10. Sina hata moduli moja, na bei zake zimenishinda. Kitabu kitanifaa nini?

Kitakufaa, mradi uwe na kompyuta. VCV Rack, iliyotoka mwaka 2017 na yenye toleo la bure, ni programu inayoonyesha moduli kwenye kioo na kukuruhusu kuvuta waya kutoka mdomo mmoja hadi mwingine kama ungefanya kwenye chombo halisi. Inafuata kanuni ya volti moja kwa oktavu, kwa hiyo mazoezi mengi ya Strange na ya Bjørn na Meyer yanafanyika humo bila kubadilishwa sana. Ukishaipakua, inafanya kazi bila intaneti.

Wapo watakaokuambia kwamba programu si analogi, na wanasema kweli. Osileta halisi huyumba kidogo joto linapopanda, kichujio halisi hunguruma kwa namna yake kikisukumwa kupita kiasi, na mambo hayo programu huyaiga tu. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hana haja ya kuyumba huko. Anahitaji kujua waya uende wapi, na hilo linafundishika kwenye kioo.

11. Nikisomeje kitabu ili kiniingie?

Kwa mikono, na polepole. Utaratibu wetu ni huu: somo moja, muunganisho mmoja, ukurasa mmoja wa daftari. Kabla ya kuchomeka waya, andika unatarajia kusikia nini. Chomeka, sikiliza, kisha andika ulichokisikia. Pale matarajio na sauti vinapotofautiana ndipo somo lilipo, na ukiruka hatua ya kuandika matarajio utaridhika na kila sauti itakayotoka, ujifunze kidogo sana.

Chukua mfano. Osileta moja yenye wimbi la msumeno iingie kwenye kichujio, kichujio kiingie kwenye amplifaya, envelopu moja iongoze amplifaya. Huo ni muunganisho wa waya chache tu, na upo katika kila kitabu. Sasa itoe ile waya ya envelopu kwenye amplifaya, uipeleke kwenye kichujio, na amplifaya uiache wazi. Wengi hutarajia ukimya kati ya noti na noti. Wanachokipata ni mlio usiokoma ambao rangi yake inafunguka na kufumba, na kwa dakika kumi hivi huamini kwamba chombo kimeharibika. Mwanafunzi aliyepitia dakika kumi hizo hatachanganya tena kazi ya kichujio na kazi ya amplifaya maisha yake yote. Kisha mwambie aipeleke envelopu ile ile kwenye osileta, aone kinachotokea kwa kimo cha sauti. Jioni nzima inaweza kuishia hapo bila kugeuza ukurasa.

Mimi humshauri mtu akae na kitabu kimoja miezi sita kabla ya kutafuta cha pili. Ushauri huu haupendwi.

12. Kompyuta yangu ni ya zamani na VCV Rack inakwama. Nifanyeje?

Tumia Pure Data pamoja na kitabu cha Puckette cha swali la 7. Haina picha za kuvutia, lakini huendeshwa hata na mashine dhaifu.

## Kupata vitabu na kuvitunza

13. Vitabu hivi ninavipataje nikiwa Bagamoyo?

Usitarajie kuvikuta dukani, hapa wala Dar es Salaam. Njia tunazotumia ni tatu. Ya kwanza ni kuagiza nje na kupokea kwa posta, ambapo gharama ya usafiri wa kitabu kizito inaweza kukaribia bei ya kitabu chenyewe, kwa hiyo ni busara watu watatu au wanne waagize pamoja. Ya pili ni kumtuma mtu anayesafiri. Tamasha la Sanaa na Utamaduni linaloandaliwa kila mwaka na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo huleta wageni kutoka nchi nyingi, na mwanamuziki anayekuja tayari na mizigo ya vyombo mara nyingi hukubali kuongeza kitabu akiombwa mapema na kwa adabu. Ya tatu ni kununua toleo la kidijitali pale linapouzwa na mchapishaji mwenyewe.

Ukishakuwa nacho, kiazimishe, lakini kwa daftari la kuandikisha majina. Nasema hivi kwa uchungu.

14. Vipi kuhusu nakala za PDF zinazozunguka kwenye simu za watu?

Nyingi zimenakiliwa bila ridhaa, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda waandishi hawa kama inavyowalinda wanamuziki wetu. Mtu anayelalamika kwamba nyimbo zake zinagawiwa bure kwenye vibanda vya kujazia nyimbo hawezi kuwagawia wenzake kitabu cha mwingine kwa moyo mweupe. Kwa kuwa vipo vya bure vilivyo halali, vilivyotajwa katika swali la 7, kisingizio cha kukosa fedha hakina nguvu sana hapa.

15. Unyevu wa pwani unaharibu vitabu vyangu. Nivitunzeje?

Visimame, visilale, visigusane na ukuta, hasa ukuta wa mawe ya matumbawe kama ya nyumba za Mji Mkongwe, na visifungiwe ndani ya mfuko wa plastiki, kwa maana mfuko huzuia unyevu kutoka kama unavyouzuia kuingia. Wakati wa masika vifungue na kuvipitishia hewa kila wiki. Karatasi laini yenye kung'aa, kama ya vitabu vya picha za rangi, ikilowa hugandamana na haiachani tena bila kuchanika. Moduli zenyewe zina adui wa ziada, chumvi, inayokula midomo ya kuchomekea waya.

## Mambo ya pembeni

16. Vitabu vyote vinadhani nitapiga mizani ya piano. Mimi nataka kupiga mizani ya ilimba ya Wagogo (ala ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba), au maqamu ya taarabu. Je, inawezekana?

Inawezekana, tena kwa urahisi kuliko kwenye kinanda cha bendi, kwa sababu moduli haijui noti. Inajua volti tu. Kinachokosekana vitabuni ni hesabu yake, nami nitaiweka hapa kwa kuwa swali hili lina haki zaidi Bagamoyo kuliko mahali pengine: marehemu Hukwe Zawose, aliyeishi hapa hadi alipofariki mwaka 2003, aliufanya mlio wa ilimba ujulikane mbali sana na Dodoma.

Oktavu ni volti moja, na mizani ya piano inaigawa katika hatua 12 zilizo sawa, kwa hiyo hatua moja ni milivolti 83.3. Nusu ya hatua hiyo, ile robo toni wanayoizungumzia wapiga udi na fidla, ni karibu milivolti 41.7, ingawa mpigaji mzuri ataisogeza kwa sikio na wewe ufanye vivyo hivyo. Mizani ya Wagogo kwa kawaida huelezwa kwa kufuata milio ya asili inayopanda juu ya mlio wa msingi, yaani mara mbili, mara tatu, mara nne ya mlio huo na kuendelea. Mlio wa tano katika mfululizo huo, ukiushusha ndani ya oktavu moja, uko volti 0.322 juu ya msingi, wakati piano ingekupa 0.333. Mlio wa tatu uko 0.585, karibu sawa na 0.583 ya piano. Tofauti kubwa ni mlio wa saba: volti 0.807, wakati noti ya piano iliyo karibu nayo ni 0.833. Milivolti 26 ni kidogo kwenye mita, lakini ni kubwa sana sikioni, na ndizo zinazofanya ilimba iliyorekebishwa kwa piano isikike kama mgeni kwake mwenyewe.

Kwa hiyo tafuta sikwensa (moduli inayotoa volti moja baada ya nyingine kwa mpangilio) au chanzo cha volti ambacho hakilazimishi noti, na katika vitabu vyako soma kwa makini sura zinazohusu volti za kuongoza, huku ukiruka zile za moduli inayosahihisha volti ziangukie kwenye noti za piano. Kanuni ya volti moja kwa oktavu nayo si ya vyombo vyote: Buchla alitumia volti 1.2 kwa oktavu, na Korg MS-20 ya mwaka 1978 hutumia utaratibu ambao volti hulingana moja kwa moja na hezi. Mwenye chombo cha namna hiyo itambidi azikokotoe upya namba zilizo hapo juu.

17. Nimejenga moduli ya umeme kutoka katika kitabu cha Marekani. Naweza kuichomeka ukutani?

Usiichomeke kabla hujaangalia transfoma. Umeme wa Marekani ni volti 120 kwa hezi 60, wa kwetu ni volti 230 kwa hezi 50. Transfoma iliyotengenezwa kwa volti 120 peke yake ikipewa 230 hupata joto haraka na kuungua. Mwenzetu mmoja alipoteza ya kwake kwa muda mfupi kuliko ule aliotumia kuifunga. Zile zenye mizunguko miwili ya kuingilia huunganishwa sambamba kwa Marekani na kwa mfuatano kwa hapa, na vitabu vingi vya huko huonyesha muunganisho wa kwanza tu.

Hezi nazo zina jambo lake. Saketi inayotumia nusu ya wimbi hujaza kapasita kila baada ya milisekunde 20 hapa kwetu, badala ya 16.7 kule, kwa hiyo kapasita ya kitabuni inapaswa kuongezwa kwa asilimia 20 hivi, la sivyo utasikia mvumo wa chini ambao hakuna kichujio cha moduli kitakachouondoa. Kwa anayeanza, njia salama ni adapta iliyofungwa kiwandani inayotoa volti 12 za umeme geu, ili umeme wa ukutani usiingie kabisa ndani ya sanduku unalolifungua kwa mikono yako.

18. Kitabu kinataja saketi ndogo ambayo mafundi wa Kariakoo wanasema hawajawahi kuiona. Nibadilishe na nini?

Inategemea kazi yake. Inayosumbua wasomaji wengi ni CA3080, iliyojaa katika vitabu vya miaka ya 1970 na 1980 na ambayo haitengenezwi tena. LM13700 ina ndani yake vipande viwili vya aina hiyo hiyo na hufanya kazi ile ile, ila miguu yake imepangwa tofauti, kwa hiyo mchoro wa bodi uliochapwa kitabuni hautakufaa na itabidi uuchore upya. Kwa saketi za kukuza volti zilizotajwa katika vitabu vya zamani, TL072 hufaa mara nyingi, na hiyo hupatikana hata kwenye redio na amplifaya mbovu. Ukiitoa humo, ipime kwanza kabla ya kuifunga.